Ramani Tatu na Udongo wa Kwanza

Hapo zamani, si zile za fisi na sungura kusemezana, bali zamani za juzi tu, pale mashine zilipoanza kuulizana maswali, palikuwa na nchi ya milima iitwayo Lukwele. Tegeni sikio vizuri, maana mwishoni nitawauliza ninyi, na jibu la "sijui" sitalipokea.

Lukwele ilikuwa na ukungu mwingi na ramani nyingi. Idara ya Ardhi ilikuwa na ramani ya nyumba. Idara ya Maji ilikuwa na ramani ya chemchemi. Zote zilikuwa mtandaoni, na hakuna iliyosema na mwenzake. Ramani ya Ardhi ilifunguka kwa programu ya Ardhi tu. Ramani ya Maji ilifunguka kwa programu ya Maji tu. Ukitaka kujua chemchemi ipi iko karibu na nyumba ipi, ilikubidi uzichapishe zote mbili, uzibandike dirishani moja juu ya nyingine, uzitazame juani kama mtu anayekagua yai.

Lukwele ilikuwa pia na desturi yake. Mtu akipotea akafa bila kuonekana, jina lake halitamkwi, na mlango wa nyumba yake hautiwi komeo. Siku akionekana, yule aliyemwona ndiye anayepewa udongo wa kwanza audondoshe kaburini, na tangu hapo anahesabiwa ndugu wa nyumba ile, yeye na kizazi chake. Na udongo ukidondoshwa na asiyestahili, watu wa Lukwele husema, aliyezikwa hatajua kwamba ameonekana. Ataendelea kupotea.

Sasa, katika kijiji cha Lusungi palikuwa na mwalimu wa hisabati, Kornel Mbena, na mkewe Leokadia, mkunga wa zahanati. Sisi tuko mbali, tunaweza kulitaja jina lake.

Siku moja ya masika Leokadia alipanda mteremko wa Tandala kumzalisha mke wa Mloka. Akamzalisha salama, mtoto wa kike. Mteremko ulikuwa umeanza kutoa mlio, kama gunia linalochanika taratibu. Leokadia akasema, "Mloka, mbebe mkeo. Bibi, mbebe mtoto. Nakusanya vyombo vyangu, nawafuata." Wakapanda mpaka ukingoni. Walipogeuka, mteremko haukuwepo.

Nyumba kumi na moja hazikuwepo. Migomba haikuwepo. Njia haikuwepo. Palikuwa na tope jekundu, laini, lisilo na alama yoyote, na ukungu ukitambaa juu yake. Watu wa nyumba nyingine walikuwa wamehama tangu jana yake. Aliyebaki chini alikuwa mmoja tu. Mloka, aliyezaliwa pale, alinyoosha kidole kuonyesha nyumba yake ilipokuwa.

"Pale," alisema. Kisha, "Hapana. Pale." Kisha akaketi chini.

Basi wakampigia simu Mzee Chuma, mpima ardhi mstaafu, aliyeichora ile ramani ya nyumba kwa miaka thelathini na moja. Mzee akaifungua, akamsomea Kornel namba za nyumba ya Mloka, kaskazini kiasi gani, mashariki kiasi gani. Kornel akaziingiza katika simu yake, simu ikamwongoza juu ya tope hatua kwa hatua, ikamwambia: umefika. Wakachimba. Walichimba siku ile, na kesho yake, na wiki nzima, na baadaye kila Jumamosi kwa miezi minne. Kornel aliandika kina cha kila shimo katika daftari la miraba. Hawakupata hata kipande cha sufuria.

Siku ya pili ya kuchimba, Kornel alipita zahanati. Dirishani aliona koti jeupe limetundikwa msumarini. Hakuingia. Alifunga mlango, akautia ufunguo mfukoni, na tangu hapo hakuna mtu aliyekanyaga ndani. Kijiji kikamwonea huruma. Wajawazito wakaenda kujifungulia Kiberege, mwendo wa saa tatu. Nyumbani kwake mlango ulikaa bila komeo, na kila alfajiri ukungu uliingia ndani mpaka miguuni pa kitanda.

Mwezi wa nne wa kuchimba akaja Lusungi mtu aitwaye Desideri Kobelo, mwembamba, mwenye begi la kompyuta lililoshonwa kwa uzi wa viatu. Pamoja naye alikuwa Bi Zamoyoni wa Idara ya Maji. Wakakaa katika chumba cha walimu, kwa kuwa shule ndiyo iliyokuwa na mtandao.

Desideri hakuwa na ramani. Alikuwa na karatasi tu. Kwa miaka sita alikuwa akienda ofisi hadi ofisi akiwaomba wakuu wakubali jambo dogo: kila mmoja abaki na ramani yake, kwa mashine yake, kwa programu aipendayo, ila ramani ikiulizwa na ramani nyingine, iulizwe kwa maneno yaleyale na ijibu kwa namna ileile. Aliyaita Mapatano. Hayakuwa siri, hayakuwa mali ya mtu. Yeyote aliweza kuyasoma na kuyafuata bila kumwomba yeyote ruhusa. Na Mapatano yalianza kwa maswali matatu:

Wewe ni nani? Una nini? Unahesabu kutoka wapi?

"Inaweza kumtafuta mtu?" Kornel aliuliza.

"Haitafuti mtu, mwalimu," Desideri alisema. "Inauliza tu nani yupo."

Akaiuliza ramani ya Maji: Wewe ni nani? Una nini? Unahesabu kutoka wapi? Ikajibu: Mimi ni Maji. Nina chemchemi mia mbili na nne. Ninahesabu kutoka kwa setilaiti. Na hapo hapo chemchemi mia mbili na nne zikachomoza kwenye kioo, katikati ya bahari ya mbali kaskazini, ambako hapakuwa na nchi wala kisiwa.

Bi Zamoyoni akashika kiuno. "Kobelo! Umenizamishia wilaya nzima."

"Umejizamisha mwenyewe, dada. Mapatano yanasema kaskazini kwanza, mashariki baadaye. Mashine yako imetaja mashariki kwanza."

"Kwa hiyo nimeandika kinyume?"

"Kila mtu wa ramani huandika kinyume mara moja. Wengine hufa bila kujua."

Akamtazama Kornel, akaomba radhi kwa kichwa. Akageuza namba, chemchemi zikarudi milimani. Mojawapo, pembeni mwa tope la Tandala, ilikuwa na maelezo mafupi: Mpya. Maji baridi. Inatoa upepo.

"Inatoa upepo vipi?" Kornel aliuliza.

"Nilipiga magoti pale wiki iliyopita," Bi Zamoyoni alisema. "Maji yanatoka chini ya jabali, na pamoja na maji inatoka hewa. Inatoka, inanyamaza, inatoka. Niliweka mkono nikautoa upesi. Sikupenda."

Desideri akaiuliza ramani ya Ardhi. Wewe ni nani? Mimi ni Ardhi. Una nini? Nina nyumba elfu moja mia sita na tisa. Unahesabu kutoka wapi? Kimya. Pale penye jibu palikuwa peupe.

"Mzee Chuma ameacha wazi," Desideri alisema. "Mapatano hayapokei jibu tupu. Itabidi aje mwenyewe."

Akaziuliza sasa mashine zote za mtandaoni kwa pamoja, kama mtu anayebisha hodi mtaa mzima. Ilikuwa saa nane mchana na jua lilikuwa limetoka baada ya siku tano za ukungu. Walitarajia majibu mawili. Yakaja matatu.

Desideri alikunja uso. "Kuna mwingine."

Kornel akasogea. Kwenye kioo, chini ya Maji na Ardhi, palikuwa pameandikwa:

Mimi ni Leokadia, zahanati ya Lusungi. Nina njia ninazopita, na mahali ninaposubiri mvua ipite. Ninahesabu kama Mzee Chuma anavyohesabu.

Jina hilo lilikuwa halijasemwa na mtu wala kuandikwa popote Lukwele kwa miezi minne. Bi Zamoyoni alivuta kiti akakaa. Kornel aliusoma mstari ule mara ya pili, na mara ya tatu akauona ukitoweka. Nje, ukungu ulikuwa umelifunika jua.

Jua lilipotoka tena, mstari ukarudi.

Nani alikuwa anajibu? Mnaweza kutisha watoto kwa jambo hili mkitaka, lakini Kornel alikuwa mtu wa hesabu, na alilipata jibu kabla hajamaliza kuogopa. Mwaka uliotangulia Desideri alizipelekea zahanati arobaini karatasi ya Mapatano na maelekezo ya kuiandaa mashine. Hakujibiwa na hata moja, akadhani zote zimetupwa. Mkunga mmoja alikuwa ameyafuata neno kwa neno, jioni, baada ya kazi, bila kumwambia mtu. Kompyuta ile iliwashwa na sola, na mtandao wa shule uliifikia. Jua likitoka inaamka, inasubiri kuulizwa. Jua likifunikwa, inalala. Ilikuwa ikiamka na kulala hivyo kwa miezi minne nyuma ya mlango uliofungwa, na ufunguo wa mlango huo ulikuwa katika mfuko wa kulia wa suruali ya Kornel.

"Iulize tena," Kornel alisema. "Iombe njia."

Zikaja njia za miguu, nyembamba, zilizochorwa kwa mkono juu ya ramani ya Ardhi. Njia moja ilitoka nyumba ya Mloka, haikupanda ukingoni walikopanda wote, bali ilikata upande hadi kwenye nukta ndogo. Nukta ilikuwa na neno moja: Jabali.

Wakazipandisha ramani zote tatu, moja juu ya nyingine. Ile nukta ikaangukia katikati ya tope tupu, jirani na shimo la kumi na tisa la Kornel. Hapakuwa na jabali pale. Palikuwa na tope kushuka chini mita tisa, na Kornel alikuwa amelipima.

Kesho yake Mzee Chuma akaletwa kwa pikipiki, na fimbo yake akiwa ameilaza mapajani. Desideri akamwonyesha pale peupe.

"Mzee, unahesabu kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye bikoni ya Kilima cha Mission. Ile nguzo ya zamani ya kupimia, ya wakoloni. Kila mtu anajua."

"Hatujui, mzee. Simu zinahesabu kutoka kwa setilaiti. Bikoni yako na setilaiti zinatofautiana?"

Mzee alitazama mikono yake. "Zinatofautiana."

"Kwa kiasi gani?"

"Hatua mia tatu na kumi. Kuelekea kusini."

Kornel aliweka kalamu chini. "Mzee Chuma. Ulinisomea namba kwenye simu. Ulijua naziingiza kwenye simu."

"Hakuna aliyeniuliza, mwalimu." Kisha kwa sauti ya chini zaidi, "Vijana wa ofisi walikuwa wakinicheka, Mzee Bikoni, Mzee Bikoni. Nikaacha kuitaja."

Mzee mwenyewe, kwa kidole kimoja, akaandika jina la bikoni pale palipokuwa peupe. Na ramani ya nyumba ikasogea. Nyumba elfu moja mia sita na tisa zikasogea zote pamoja, kimya, kama watu wanaopisha jeneza. Njia za Leokadia, kwa kuwa zilihesabiwa kama Mzee Chuma alivyohesabu, zikasogea nazo. Nukta ya Jabali ikatoka topeni, ikateleza kusini, ikasimama. Ilisimama juu ya chemchemi mpya ya Bi Zamoyoni. Ile inayotoa upepo.

Walimkuta siku hiyohiyo, kabla ya saa kumi na moja. Tope lilikuwa limeziba mdomo wa pango chini ya jabali. Halikuingia ndani. Leokadia alikuwa ameketi, mgongo ukutani, mkoba wa vyombo mapajani, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Alikuwa amekuwa mwepesi sana. Tochi ilikuwa kando yake, swichi imesukumwa mbele, betri zimekwisha. Hakuna aliyeuliza betri za namna ile hudumu saa ngapi. Kornel alijua ni saa ngapi.

Basi wakachimba kaburi, na Lusungi yote ikaja, na mke wa Mloka akaja na mtoto wake mgongoni. Mama mkwe wa Kornel, Bi Apolonia, akachota udongo mkavu kwenye kibuyu, akaumimina katika kiganja cha Kornel.

"Mkwe wangu," alisema, "mpe aliyemwona mwanangu."

Akatangulia Bi Zamoyoni. "Mwalimu, mimi ndiye niliyefika pale kwa miguu yangu. Mimi ndiye niliyepiga magoti nikasikia hewa. Mkuu wangu alinikataza kuifungua ramani ya Maji kwa watu wa nje. Niliifungua kwa jina langu, na barua ya kusimamishwa kazi ninayo hapa kwenye pochi. Bila chemchemi yangu, ile nukta ingekuwa nukta tu. Nipe udongo."

"Ulisikia mtu akipumua ukatoa mkono," sauti ya mwanamke ilisema kutoka nyuma.

"Nilisikia hewa!" Bi Zamoyoni aligeuka. "Hewa, dada yangu! Miezi minne ilikuwa imepita!"

Akasogea Mzee Chuma, bila fimbo. "Mimi najua mnavyonitazama. Mnasema nimewachimbisha mahali pasipo. Ni kweli. Lakini nyumba zile nilizipima kwa mnyororo, moja moja, nikilala vichakani. Njia za marehemu zimekaa juu ya mistari yangu. Aliniamini mimi kuliko setilaiti. Na siku nilipoulizwa, nilisema, mbele ya watu, nikijua mtanichukia. Ni rahisi kusema jambo linalokupa sifa. Mimi nimesema linaloniondolea. Nipe udongo."

"Ungesema wiki ya kwanza, mzee, leo tungekuwa hapa?" Mloka aliuliza.

Mzee Chuma akasogea kando.

Akaja Desideri Kobelo, begi lake begani. "Mimi sina nyumba. Sina chemchemi. Sina hata kijito." Watu wawili watatu wakacheka, wakanyamaza. "Chekeni tu, nimezoea, ofisi zote zimenicheka. Lakini ramani hizi zilikuwepo miaka yote, kila moja na kipande chake cha ukweli, na mtu akafa katikati yake. Nani alizifanya ziulizane? Mzee anasema hakuna aliyemuuliza. Sawa. Mimi ndiye niliyeleta swali. Nipe udongo."

"Swali liliandikwa kwenye karatasi," Mzee Chuma alisema, "na karatasi haikumtoa mtu pangoni."

"Wala mnyororo wako, mzee."

"Nyamazeni!" Bi Apolonia alipiga kibuyu kwa kofi. "Mnagombea kaburini kwa mwanangu kama mnagombea foleni. Mwalimu, nisikilize mimi. Nani alichora njia ile? Nani aliandika jabali? Mliuliza nani yupo, na nani aliitika? Aliitika yeye. Miezi minne kila jua likitoka aliitika, na hapakuwa na wa kumsikia. Mwanangu amejionyesha mwenyewe. Mtieni udongo mkononi mwake, audondoshe mwenyewe."

Watu walirudi nyuma hatua moja. Jambo hilo halikuwahi kufanyika Lukwele. Maiti akijizika, alisema katekista wa Lusungi, atakuwa ndugu wa nani? Nyumba yake itabaki bila ndugu mpya, na yeye atabaki bila mtu wa kumjibia jina. Na mke wa Mloka alisema polepole, "Lakini ndiye aliyejibu."

Kornel alisikia yote. Aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyemtazama alikuwa anasema kweli. Mfukoni mwake wa kulia ufunguo wa zahanati ulimgusa paja. Kama angeingia mle siku ile ya pili badala ya kufunga, angeikuta kompyuta imewaka, na njia zikiwa kwenye kioo, na neno Jabali. Tochi ingekuwa bado inawaka. Hilo hakuna aliyelijua pale kaburini isipokuwa yeye, na hakuna aliyemwuliza.

Alifungua kinywa kulisema, ukungu ukashuka. Ulishuka upesi kama ushukavyo Tandala, ukameza msalaba, ukameza watu waliosimama nyuma, mpaka akabaki anaona mikono tu imenyooshwa kwake: mkono wa Bi Zamoyoni wenye alama ya tope, mkono wa Mzee Chuma usio na fimbo, mkono mwembamba wa Desideri. Na chini yao, kati ya mbao, sanda, na ndani ya sanda mkono mwingine ambao haukunyooshwa.

Udongo ulikuwa mkavu. Ulikuwa umeanza kuvuja katikati ya vidole vyake, na udongo ukidondoka wenyewe, kwa desturi ya Lukwele, hauhesabiki kuwa wa mtu yeyote.

"Mwalimu," alisema Bi Apolonia, ambaye Kornel hakumwona tena, "udongo unakwisha."

Basi ninyi mnaonisikiliza, semeni upesi, maana Kornel anawasubiri. Aliyesikia hewa akalipia kwa kazi yake. Aliyepima akaficha, kisha akakiri. Asiyekuwa na kitu ila swali. Au yule aliyeitika kila jua lilipotoka: je, nani alistahili udongo wa kwanza?